Hawa si wageni, ni wenyeji wanaorudi nyumbani

Mpenzi msomaji, mwezi wa Agosti umeingia. Shule zimefungwa, watoto wamejaa nyumbani, na wazazi wanakuna vichwa wakitafuta jambo la kuwashughulisha vijana wao mbali na televisheni na simu. Mahali pa starehe panataka kiingilio. Kwenda mashambani kunataka nauli ya watu watano, kwenda na kurudi. Mfuko nao, kama ujuavyo, haujapona majeraha ya karo ya muhula uliopita, na muhula mwingine tayari unabisha hodi.

Hebu wiki hii waamshe mapema, uwavishe sweta na uwapeleke kwenye kinamasi kilicho karibu nawe. Naam, kinamasi! Namaanisha lile bwawa la matope na matete ambalo hulipita kila siku ukiwa ndani ya matatu bila hata kuligeuzia jicho, na ambalo majirani wengi huliona kuwa ni mahali pa mbu na pa kutupa takataka. Hapo, katika majuma haya haya, kunafanyika jambo kubwa ambalo halitangazwi redioni wala haliuziwi tikiti. Ndege waliotuacha mwezi wa Aprili wameanza kurudi.

Utauliza: wanarudi kutoka wapi? Wanarudi kutoka Finland, kutoka Urusi, na kutoka nyanda za Siberia ambako ardhi huganda kwa barafu sehemu kubwa ya mwaka. Wengi wao ni ndege wadogo wa majini, wenye miguu myembamba na midomo mirefu, ambao kwa Kiswahili huitwa vitwitwi. Hawana rangi za kujionyesha kama tausi wala sauti ya kutisha kama kwazi. Mtu asiyewajua atasema ni vijindege tu vinavyochokora tope. Lakini wahenga hawakukosea waliposema kuwa usidharau wembamba wa reli, gari moshi hupita.

Jambo la kwanza linalowatatiza wengi ni majira. Huku kwetu Agosti ni mwezi wa baridi na mawingu mazito. Kule kaskazini, kinyume chake, bado ni kiangazi: jua linawaka, wadudu wamejaa, chakula ni tele. Je, ndege mwenye akili zake aondokeje karamuni wakati sahani hazijaondolewa mezani?

Jibu ni kwamba kazi iliyompeleka imekwisha. Theluji huyeyuka huko mwezi wa Mei na Juni. Kitwitwi hutaga mayai manne ardhini, huyaatamia kwa muda wa majuma matatu hivi, na vifaranga wakishaanguliwa hutembea na kujitafutia chakula wenyewe tangu siku ya kwanza. Baada ya mwezi mmoja wanaruka. Kufikia Julai, basi, mzazi hana la kungoja. Wale ambao mayai yao yaliliwa na mbweha huondoka mapema zaidi, kwani hawana mtoto wa kumlea wala muda wa kuanza upya. Ndiyo sababu wa kwanza huonekana hapa Kenya mwishoni mwa Julai, wakati watu wa Ulaya ndio kwanza wanafunga ofisi zao waende likizoni.

Na sasa sikiliza jambo ambalo ningependa uwasimulie watoto wako. Wazazi hutangulia kuondoka. Vifaranga hubaki huko nyuma, wanakula na kunenepa, kisha baada ya majuma machache nao hufunga safari kuja Afrika bila baba, bila mama, na bila mtu wa kuwaonyesha njia. Ni watoto wa miezi miwili hivi ambao hawajapata kuona Bahari ya Mediterania wala jangwa la Sahara. Wanasafiri zaidi usiku. Wanaongozwa na jua, na nyota, na nguvu ya sumaku ya dunia ambayo wewe na mimi hatuihisi. Ramani ya safari wamezaliwa nayo.

Kutoka kusini mwa Finland hadi Nairobi ni karibu kilomita 7,000, na wanaotoka Siberia huja kutoka mbali zaidi. Mmoja wa ndege hawa, ambaye wataalamu humwita Tringa glareola, ana uzito wa gramu 60 hivi. Chukua ile pakiti ndogo ya majani ya chai ya gramu 50, uiweke kiganjani mwa mtoto na umwambie: huu hapa ni karibu uzito wote wa msafiri wetu, mifupa, nyama, manyoya na yote. Kabla ya kusafiri hula bila kupumzika hata mwili wake ukajaa mafuta, na mafuta hayo ndiyo petroli yake. Hutua hapa na pale njiani kujaza tangi, kisha huendelea.

Wako jamaa zao wasiotua kabisa. Mwaka 2022, ndege mmoja wa ukoo huu, aina ya Limosa lapponica, aliyefungwa chombo cha kutuma habari kwa setilaiti, aliruka kutoka Alaska hadi kisiwa cha Tasmania nchini Australia, umbali wa kilomita 13,560, kwa muda wa siku 11 mfululizo bila kula, bila kunywa na bila kugusa chini. Alikuwa kifaranga wa mwaka huo huo!

Lakini sasa nifike kwenye neno langu la leo. Vitabu vingi, kwa kuwa viliandikwa na watu wa kaskazini, vinawaita ndege hawa wageni wetu wa majira ya baridi. Hata sisi wenyewe tumezoea kusema hivyo: ndege wa Ulaya wamekuja kututembelea. Hebu tufanye hesabu ndogo ya shule ya msingi. Kitwitwi hufika Kenya mwezi wa Agosti. Hukaa nasi Septemba, Oktoba, Novemba na Desemba. Krismasi humkuta hapa, na Mwaka Mpya pia. Hukaa Januari, Februari na Machi, na huondoka Aprili ama mwanzoni mwa Mei. Hiyo ni miezi minane na zaidi. Kule kaskazini hukaa miezi miwili hivi, na siku zinazobaki huishia njiani.

Mwenye kukaa mahali miezi minane kati ya kumi na miwili, je, huyo ni mgeni?

Kule pwani, mwanamke akikaribia kujifungua mtoto wa kwanza, mara nyingi huenda kwa mama yake. Huhudumiwa huko, arobaini ikaisha, kisha akarudi kwa mumewe na mtoto mgongoni. Hakuna atakayesema kwamba kwao ni pale alipozalia, na kwamba nyumbani kwake amekuja kutembea tu. Vivyo hivyo na ndege hawa. Kaskazini ni uzazini. Hapa ndipo wanapoishi, ndipo wanapokula na kulala, na ndipo wanapobadilisha manyoya ya mabawa yaliyochakaa kwa safari, moja baada ya jingine, hadi wapate bawa jipya la kuwarudisha kule mwaka ujao. Bawa linalompeleka kitwitwi Siberia limeota kwenye tope la Afrika.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu jina huleta tabia. Mgeni tunamwandalia siku ya kwanza na ya pili, na siku ya tatu tunampa jembe. Akiondoka tunasahau. Mwenyeji ana haki. Mwenyeji akirudi na kukuta nyumba yake imebomolewa, hilo si jambo la kusikitikia tu. Ni jambo la kuulizia.

Pengine utasema, mwandishi huyu amejuaje kwamba ndege wa kinamasi chetu ndio wale wa Siberia? Swali zuri. Watu wa kale hawakujua. Mwanafalsafa Mgiriki, Aristotle, aliamini kwamba mbayuwayu hujificha katika mashimo wakati wa baridi, na kwamba aina moja ya ndege hugeuka ikawa aina nyingine majira yanapobadilika. Mwaka 1822, huko Ujerumani, alipatikana korongo akiwa na mkuki umepenya shingoni, naye angali hai. Mkuki wenyewe ulikuwa wa Kiafrika! Maskini korongo yule, alikuwa amechomwa huku akarudi nao hadi Ulaya, na hivyo akawafunulia wasomi fumbo lililowashinda kwa miaka 2,000. Hadi leo amehifadhiwa katika chuo kikuu cha Rostock.

Mwaka 1899, mwalimu mmoja wa shule nchini Denmark, Hans Christian Mortensen, alibuni njia ya upole zaidi. Aliwavisha ndege pete nyepesi za alumini miguuni, zenye nambari na anwani. Njia hiyo ndiyo inayotumika hadi leo. Hapa Kenya, kule Ngulia katika mbuga ya Tsavo Magharibi, tangu mwaka 1969 ndege wahamao huvishwa pete usiku wa ukungu mwishoni mwa mwaka. Vitwitwi na jamaa zao waliovishwa pete kwenye maziwa ya Bonde la Ufa wamewahi kupatikana Siberia. Pete hizo zimetufunza jambo jingine linalogusa moyo: wengi wa ndege hawa, baada ya kuzunguka nusu ya dunia, hurudi mwaka baada ya mwaka kwenye ziwa lile lile, na hata ufuo ule ule. Wana anwani, kama mimi na wewe.

Basi twende tukawaone. Kwa familia za Nairobi na vitongoji vyake, nawapendekezea Manguo, kule Limuru, kando ya barabara kuu iendayo Nakuru. Ni bonde ambalo mvua hulijaza na ukame hulikausha, juu ya mwinuko unaopita mita 2,000, kwa hivyo msifanye mchezo na baridi ya asubuhi. Wanafunzi wa fasihi watakumbuka jina hilo, kwani Ngũgĩ wa Thiong'o alisoma katika shule ya Manguo utotoni mwake. Maji ya mvua ya masika huanza kupungua Julai na Agosti, na yanapopungua huacha ukanda wa tope laini pembezoni, uliojaa viwavi, minyoo na konokono wadogo. Ukanda huo ndio meza ya kitwitwi. Yaani meza hutandikwa wakati ule ule mwenye njaa anapofika.

Kwanza mtawaona wakazi wa mwaka mzima: bata maji, yangeyange weupe, kwarara wenye kichwa cheusi na mdomo kama mundu, na pengine ndege mweusi aogeleaye kama bata, mwenye paji jeupe na vinundu viwili vyekundu kichwani. Wafundisheni watoto kuwajua hao kwanza, kwani asiyewajua wa nyumbani hawezi kumtambua aliyetoka safarini.

Kisha tazameni chini, kwenye tope. Akiwapo ndege mdogo wa rangi ya udongo ambaye hawezi kutulia, anayetikisa mkia juu chini kama mtu aliyesahau jambo, huyo ni Actitis hypoleucos. Kifua chake ni cheupe, na weupe huo unapanda kama kona mbele ya bega. Hupenda kutembea peke yake kwenye mawe na kingo, hata za mito ya mjini. Hana haja ya bwawa kubwa. Mtaro wenye maji unamtosha.

Akiwa na mgongo wenye madoadoa meupe kama unga ulionyunyizwa, miguu ya rangi ya manjano iliyochanganyika na kijani, na mstari mweupe juu ya jicho, huyo ndiye Tringa glareola, msafiri wetu wa pakiti ya majani. Akishtuka huruka juu akipiga mluzi mkali, mwembamba, wa haraka haraka.

Mrefu zaidi yao, wa rangi ya kijivu, mwenye miguu ya kijani na mdomo uliopinda kidogo kuelekea juu, akipiga mlio wa "tiu, tiu, tiu" unaosikika hadi ng'ambo ya bwawa, ni Tringa nebularia. Na mkikuta kundi la ndege wa kimo cha kati, wenye kichwa kidogo, shingo ndefu na mgongo kama magamba ya samaki, hao wataalamu huwaita Calidris pugnax. Madume yao, wakati wa kutafuta wachumba kule kaskazini, huota kola kubwa ya manyoya shingoni na kuchezeana kama madume ya ngoma. Wakifika kwetu kola imeshaanguka. Wameacha vazi la arusi na kuvaa nguo za kazi.

Kuna mchezo mmoja mzuri kwa watoto. Wanaofika sasa, mwanzoni mwa Agosti, ni wazazi, na manyoya yao yamefifia na kuchanika kama kanzu iliyofuliwa mara nyingi. Wanaofika mwishoni mwa mwezi na Septemba ni vifaranga, na manyoya yao ni mapya, safi, yamepangika sawasawa kama sare ya siku ya kwanza shuleni. Waambie watoto wako wahesabu kanzu kuukuu ni ngapi na sare mpya ni ngapi. Wakirudi bwawani baada ya majuma matatu wataona hesabu imebadilika, na watakuwa wamejifunza jambo la sayansi ambalo halikuandikwa ubaoni.

Wasomaji wetu wa Mombasa na Malindi msidhani nimewasahau. Nyinyi mna hori ya Mida, karibu na Gede na Watamu, ambapo bahari ikitoka huacha uwanja mpana wa mchanga na tope kando ya mikoko. Huko atakuja sululu, na bila shaka mwaelewa ni kwa nini alipewa jina moja na kile chombo cha kuchimbia: utazameni mdomo wake! Atakuja pia ndege mlakaa, mweupe na mweusi, mwenye mdomo mnene kama kisu, ambaye hazaliani kaskazini ya mbali. Yeye hutaga kwenye mashimo ya mchanga katika visiwa na fuo za Ghuba, Oman na Bahari ya Shamu, njia ile ile ya majahazi ya mababu zetu. Tena huyu, tofauti na wenzake, huja na mtoto wake mmoja na kuendelea kumlisha hata wakiwa hapa. Nao watu wa Kisumu wana mafunjo ya Dunga, ingawa huko nawasihi mwende na mwenyeji, kwani kiboko hana utani.

Sasa, mpenzi msomaji, nirudie lile neno la nyumba kubomolewa. Unajua mwenyewe vinamasi vya miji yetu vinavyotendewa. Kwanza lori moja la udongo humwagwa usiku. Halafu la pili. Kisha zinaonekana nguzo na waya, na baada ya miezi michache ni msingi wa nyumba. Aliyetaka kujaza atakwambia kwamba palikuwa patupu, pana matope tu na ndege. Wapo tena wanaofanya hivyo katika miezi ya Juni na Julai, wakati ambapo hata mwenyeji mwenye mabawa hayupo kuonekana.

Fikiria basi ndege wa gramu 60 aliyevuka Sahara, amekonda, mafuta yamekwisha, anashuka alfajiri mahali anapopajua tangu mwaka jana, anakuta mawe na mabati. Hana akiba ya kumpeleka mbali kutafuta pengine.

Usidhani nakutisha. Alikuwako sululu mmoja mwenye mdomo mwembamba, Numenius tenuirostris, aliyezaliana Siberia na kukaa majira ya baridi kando ya Mediterania, Afrika Kaskazini ikiwamo. Vinamasi vyake vilikaushwa kimoja baada ya kingine, na wawindaji wakafanya yao. Mara ya mwisho kuonekana kwa hakika ilikuwa mwaka 1995, katika ardhi oevu ya Merja Zerga nchini Morocco. Watu waliendelea kumtafuta kwa miaka mingi. Mwaka 2025 alitangazwa rasmi kwamba ametoweka duniani. Yule wa Merja Zerga alikuwa akirudi bwawani pale pale kila mwaka kama kawaida yake, na siku moja hakurudi.

Kwa anayesema kwamba watu ni muhimu kuliko ndege, mimi sina ugomvi naye. Lakini bwawa linalomlisha kitwitwi ndilo linalonyonya maji ya gharika kama sifongo na kuyaachilia polepole. Katika mvua za masika za mwaka 2024, zaidi ya watu 200 walikufa kwa mafuriko katika nchi yetu, na Nairobi mitaa mizima ya kando ya mito ilisombwa. Maji yanayonyimwa pa kukaa huja kubisha mlangoni kwako. Sheria yetu ya mazingira ya mwaka 1999 inakataza mtu kukausha ama kujaza ardhi oevu bila idhini, na Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Kenya pia imeridhia mkataba wa Ramsar wa kulinda ardhi oevu, na maeneo yetu sita yamo katika orodha yake, Ziwa Nakuru likiwa la kwanza mwaka 1990. Lakini bwawa dogo la kando ya mtaa haliko katika orodha yoyote. Hilo mlinzi wake ni wewe.

Na ulinzi huanza kwa daftari. Mwanafunzi aandike tarehe, saa, mahali, aina ya ndege na idadi. Asipojua jina, achore. Akienda mara moja, ameona ndege. Akienda kila mwezi kwa mwaka mzima, ana ushahidi. Siku lori litakapokuja na mtu aseme hapa hapakuwa na kitu, daftari la senti kidogo litamjibu. Wenye simu wanaweza pia kupeleka hesabu zao kwenye mradi wa Kenya Bird Map, unaolinganisha ndege wa leo na wale wa atlasi ya ndege iliyochapishwa mwaka 1989. Shule yenu ikiwa na tawi la Wildlife Clubs of Kenya, chama kilichoanzishwa na wanafunzi mwaka 1968, jiungeni. Shirika la Nature Kenya nalo, lenye mizizi ya tangu mwaka 1909, huongoza matembezi ya kutazama ndege jijini Nairobi, na huko mtawapata wajuzi wasiochoka kuulizwa maswali.

Kabla ya kwenda, shikeni mambo machache. Fikeni saa moja asubuhi, kabla ya jua kuwa kali na watu kuwa wengi, na mlipe jua kisogo ili rangi zionekane. Mwende kikundi, na mwombe ruhusa kwa wenyeji kama shamba lina mwenyewe. Mzee anayechunga ng'ombe pale anaweza kuwa mwalimu wenu bora. Mwamkieni na mumuulize ndege hurudi lini. Msiingie majini wala kwenye tope lisilojulikana kina chake. Darubini ni nzuri lakini macho ya mtoto yanatosha. Msirushe mawe ili ndege waruke, kwani kila kuruka kunamla mafuta aliyokuja kuyatafuta. Na mkimpata ndege mwenye pete, aliyekufa ama aliye hai, andikeni nambari yake na mpeleke habari kwenye Makavazi ya Taifa. Huenda pete hiyo ikawa imetoka Urusi.

Chai ya chupani na mkate wenye siagi vitafaa sana. Mtarudi nyumbani kabla ya saa sita, matope viatuni, na nauli haitakuwa imewafilisi.

Mkifika hapo bwawani, na mtoto akauliza, "Mama, hawa wametoka wapi?" usimwambie wametoka Ulaya. Mwambie walikwenda kuzaa, na sasa wamerudi kwao.

Hadi Jumapili ijayo, nawatakia likizo njema na macho makali.